Baba anapasuliwa moyo baada ya wiki tatu: tumtunzeje kabla na baada?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64, ana kisukari, na bado anavuta sigara mbili tatu kwa siku akidhani hatujui. Vipimo vimeonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba, na amepangiwa kufunguliwa kifua baada ya wiki tatu ili awekewe mishipa mingine. Mimi na mama ndio tutakaomuuguza. Mama anasema akirudi nyumbani asiinuke kitandani mwezi mzima, na hataki baba aelezwe hatari za upasuaji asije akakata tamaa. Baba mwenyewe amekuwa kimya, usiku halali. Tufanye nini kabla ya siku hiyo, na baadaye nitajuaje kama anapona au anaharibikiwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni nyote.

Nianze na hilo la kulala mwezi mzima, maana limenishtua kuliko hata hiyo mishipa mitatu. Mishipa ina watu wake. Daktari wa upasuaji na wenzake wataishughulikia kwa saa kati ya 3 na 6, na ni kazi wanayoifanya mara kwa mara. Lakini baba akirudi nyumbani akaambiwa asiinuke, makohozi yatatuama mapafuni na kuleta nimonia, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, misuli ya mapaja itasinyaa ndani ya siku chache, choo kitafunga, na usiku hatapata usingizi kwa sababu mchana kutwa amelala. Wagonjwa wa upasuaji huu ndio kazi yangu, kabla na baada, na wanaoinuka vizuri si lazima wawe vijana wala wenye misuli. Mara nyingi ni wale ambao watu wa nyumbani kwao waliwaacha wajifanyie mambo yao. Mama anasukumwa na huruma, simlaumu hata kidogo. Ila huruma hiyo inahitaji kupewa kazi nyingine, nami nitaitaja.

Kwanza mjue nini hasa kinafanyika. Mfupa wa katikati ya kifua hukatwa kwa msumeno kuanzia chini ya koo hadi mwisho wake, kisha kifua hupanuliwa ili moyo uonekane. Mara nyingi moyo husimamishwa kwa muda, na mashine inachukua kazi yake na kazi ya mapafu: inaipokea damu, inaitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Daktari huchukua ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyo upande wa ndani wa ukuta wa kifua, na vena ndefu (mshipa unaorudisha damu moyoni) kutoka mguuni, akazishona ili damu ipate njia ya kukwepa sehemu zilizoziba. Mwisho mfupa unaunganishwa kwa nyaya za chuma zinazobaki humo maisha yote bila kumsumbua mtu. Mashine hiyo ilifanya kazi kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa daktari John Gibbon kule Philadelphia, na njia ya kutumia vena ya mguu ilianza kushika kasi mwaka 1967 kwa kazi ya René Favaloro huko Cleveland. Mwambieni baba hivyo. Hafanyiwi majaribio.

Sasa kuhusu kumficha. Msimfiche. Baba ndiye atakayetia saini ya kukubali upasuaji, na hawezi kukubali asichokijua. Zaidi ya hapo, ukimya wake na kukosa kwake usingizi vinaonyesha kwamba hofu anayo tayari, tena anaibeba peke yake kwa sababu anawaona nyinyi mnanong'ona. Mgonjwa aliyefichwa hujaza nafasi hiyo kwa mawazo mabaya kuliko ukweli. Na ukweli wenyewe ni huu: kwa upasuaji wa kupandikiza mishipa uliopangwa mapema, katika hospitali zenye uzoefu, kwa kawaida watu 97 hadi 99 kati ya 100 hutoka salama. Kiharusi huwapata mmoja au wawili kati ya 100. Figo zilizochoka, moyo uliodhoofika, umri mkubwa na kisukari kisichodhibitiwa hupandisha hatari, kwa hiyo mwulizeni daktari wa upasuaji kiwango cha mtu kama baba, si cha watu kwa jumla. Mwulizeni mbele ya baba. Kisha mwulizeni baba mwenyewe anaogopa nini hasa. Mara nyingi utakuta si kifo. Anaogopa kuzinduka katikati ya upasuaji, au kuogeshwa na binti yake, au kwamba hatafanya kazi tena. Hofu ikishatajwa kwa jina, nyingi zina jibu.

Katika wiki tatu hizi, jambo kubwa kuliko yote ni sigara. Iachwe leo, si kesho. Mvutaji huwa na makohozi mengi na njia za hewa zisizoweza kuyasukuma nje, na baada ya upasuaji, wakati kukohoa kunauma, makohozi hayo ndiyo yanayogeuka nimonia. Moshi pia huipa damu hewa ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni, na hiyo huondoka ndani ya siku moja au mbili tu za kuacha. Mapafu yenyewe huhitaji wiki kadhaa. Kuna watu watakaomwambia amechelewa, eti kuacha karibu na upasuaji ni hatari zaidi. Msiwasikilize. Kwa kuwa anavuta kwa kificho, usimkamate kama mwizi. Mwambie mnajua, na mwombeni daktari amsaidie, maana kuna dawa na plasta za nikotini kwa kazi hiyo.

La pili ni sukari. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona na kulisha vijidudu, na maambukizi yanayofika kwenye mfupa wa kifua ni balaa la wiki nyingi. Daktari atataka kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Wiki tatu hazitoshi kubadilisha namba hiyo sana, ila zinatosha kuishusha sukari ya kila siku.

Hapo hapo tufike kwenye dawa, sehemu ambayo makosa hutokea kwa urahisi. Chukueni mfuko mmoja, mtie kila anachotumia baba: vidonge vya hospitali, vya dukani, mitishamba, vitamini, kila kitu, mwende nao kliniki. Dawa za kuzuia chembe za damu kugandana, kama klopidogreli, kwa kawaida husimamishwa siku 5 hivi kabla. Aspirini mara nyingi haisimamishwi. Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa anayeitumia husimamishwa takriban siku 5 kabla. Kuna dawa za kisukari ambazo majina yake huishia na "gliflozini", kama dapagliflozini na empagliflozini. Hizi zinatakiwa kuachwa siku 3 au 4 kabla, kwa sababu mtu akifunga kula anaweza kupata tindikali nyingi kwenye damu hata kama sukari inaonekana ya kawaida. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kinyume chake, kwa kawaida huendelea hadi asubuhi ya upasuaji, na kuziacha ghafla ni hatari. Usiamue lolote kati ya haya kwa kusoma maneno yangu. Pata orodha iliyoandikwa na hospitali, ikionyesha kila dawa na tarehe ya kuiacha, uibandike pale anapomezea dawa. Mitishamba yote iachwe mapema. Mingi huongeza kutoka damu, na hakuna anayejua itagombana vipi na dawa za usingizi.

Akiwa na upungufu wa damu, utibiwe sasa ili asihitaji kuongezewa damu nyingi. Meno yaliyooza yaangaliwe pia, ingawa hili lina uzito zaidi kwa wanaobadilishiwa valvu, yaani milango ya moyo.

Kisha mazoezi, na hapa nitakaa kidogo. Baada ya upasuaji hataruhusiwa kujisukuma kwa mikono anapoinuka, na wazee wengi hawajui kwamba wanainuka kwa mikono mpaka wanapokatazwa. Mwekee kiti kigumu kisichoyumba. Akunje mikono kifuani, asogeze makalio hadi ukingoni, avute miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, halafu asimame kwa nguvu za mapaja. Siku ya kwanza pengine atashindwa. Ongezeni kimo cha kiti kwa mto, aanze hapo, arudie mara chache asubuhi na jioni. Halafu pumzi: akae wima, avute hewa taratibu kwa pua mpaka mbavu za chini zitanuke, aishike kwa kuhesabu hadi tatu, aitoe polepole. Mara kumi, kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Hospitali zingine zitampa kifaa chenye vigololi vinavyopanda anapovuta pumzi. Afundishwe kukitumia sasa, si siku ambayo kifua kinauma. Kutembea atembee kwa kiwango alichoruhusiwa na daktari tu, maana mishipa bado imeziba. Na likumbukeni hili: akipata maumivu ya kifua akiwa amepumzika, au yakianza kuja mara nyingi zaidi au kukaa muda mrefu zaidi, msisubiri tarehe. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Nyumba nayo iandaliwe kabla hajaondoka. Vitu anavyovigusa kila siku viwe kati ya kiuno na bega, kitanda kisiwe chini sana, nguo ziwe za kufungua mbele. Sehemu ya kuogea iwe na kiti na isiteleze.

Siku ya mwisho kabla ya upasuaji ataogeshwa kwa sabuni ya kuua vijidudu, pengine na kupakwa dawa puani. Asijinyoe kifua wala miguu kwa wembe nyumbani, kwa kuwa michubuko ya wembe hukaribisha vijidudu. Wahudumu watamnyoa kwa mashine. Chakula kigumu huachwa saa 6 kabla, na maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, ila fuateni maelekezo mliyopewa, hasa kwa kuwa ana kisukari. Meno ya bandia, miwani na kifaa cha masikio akikaribia kuingia chumba cha upasuaji mtapewa mshike. Msivipeleke nyumbani, na sababu yake inakuja.

Mtakapoingia kumwona katika chumba cha wagonjwa mahututi, jiandaeni kwa macho yenu. Uso utakuwa umevimba kwa maji aliyoongezewa. Mdomoni kuna mrija wa kupumulia, shingoni na mkononi mna mirija ya dawa na ya kupima presha, chini ya kifua mipira miwili mitatu inatoa damu na maji, pembeni yake nyaya nyembamba za kusaidia mapigo ya moyo, na mpira wa mkojo. Kila kimoja kina kazi yake na siku yake ya kutolewa. Mrija wa mdomoni mara nyingi hutolewa ndani ya saa 6 hadi 12, na kabla ya hapo baba anaweza kuzinduka na kugundua hawezi kusema. Mwambieni hili sasa, mapema: utaamka, hutaweza kuongea, mashine inakusaidia kupumua, usipigane nayo, tikisa kichwa tu. Aliyeambiwa huitambua hali hiyo hata akiwa nusu usingizini, na asiyeambiwa hudhani anakabwa.

Jambo jingine ambalo familia huwa haziambiwi ni kuweweseka. Siku ya pili au ya tatu, mzee mwenye akili timamu anaweza kuona wadudu ukutani, kudai wauguzi wanataka kumdhuru, kung'oa dripu, au kumwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa. Ndugu hulia wakidhani ubongo umeharibika. Mara nyingi sana haujaharibika. Ni mchanganyiko wa dawa, ukosefu wa usingizi, mashine zinazolia usiku kucha, na mwili uliotikiswa, na kwa wengi huisha ndani ya siku chache. Hapo ndipo miwani na kifaa cha masikio vinapohitajika: mtu asiyeona vizuri wala kusikia huchanganyikiwa zaidi. Usibishane naye kuhusu hao wadudu. Mshike mkono, mtajie jina lako, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, rudia kwa sauti ya chini kila anapouliza. Mchana mapazia yafunguliwe, usiku taa zipunguzwe. Wauguzi waarifiwe mara tu unapoona amebadilika, kwa kuwa mara chache chanzo huwa maambukizi au kiharusi, na hivyo lazima vitafutwe.

Karibu watu watatu kati ya kumi hupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hasa siku ya pili au ya tatu. Baba atasema moyo unapapatika. Inatibika kwa dawa, na mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache.

Siku ya kwanza au ya pili wataalamu wa viungo watamkalisha kitini, kisha watamtembeza. Atalalamika. Mama asiingilie. Maumivu yadhibitiwe vizuri, apewe dawa kabla ya mazoezi na si baada, kwa kuwa anayeumwa hapumui kwa kina wala hakohoi. Kukohoa kuna namna yake: akae wima, akumbatie mto kwa mikono miwili uukaze mfupa wa kifua, avute pumzi ndefu, kisha akohoe kwa nguvu mara mbili. Mto huo utakwenda naye nyumbani, na ndani ya gari utakaa kati ya kifua na mkanda. Mkanda lazima afunge.

Wengi hutoka hospitali baada ya siku 5 hadi 7, na hapo ndipo kazi yenu inaanza.

Mfupa wa kifua ni mfupa uliovunjika, basi. Huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana na takriban miezi 3 kuwa imara. Kwa muda huo asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5: si ndoo iliyojaa, si sanduku la safari, si mjukuu anayekimbia kumpokea (mjukuu apandishwe pajani na mtu mwingine). Asisukume mlango mzito wala kuvuta droo iliyokwama. Lakini kukatazwa mizigo hakumaanishi mikono ifungwe. Anaweza na anapaswa kuchana nywele, kuvaa mwenyewe, kula mwenyewe, akiweka viwiko karibu na mbavu. Mabega yasiyotumika hukakamaa na kuuma kuliko kidonda chenyewe. Kutoka kitandani ajiviringishe ubavu mwili wote kwa pamoja, ateremshe miguu nje ya kitanda, uzito wa miguu umsaidie kuinuka huku mkono ukisukuma kidogo tu. Ukimvuta mikono kumwinua unavuta mfupa. Msaidie kwa kumshika mgongoni.

Kutembea ndiko dawa. Wiki ya kwanza dakika 5 kwa raundi, mara nne au tano kwa siku, mahali tambarare, na kila siku mbili tatu mnaongeza dakika chache. Wengi hufika dakika 30 kwa mfululizo kati ya wiki ya nne na ya sita. Kipimo chake ni maongezi: akiweza kutembea huku akizungumza, kasi ni sawa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Baada ya matembezi apumzike. Siku moja atatembea vizuri, kesho yake atachoka kwa kuoga tu, na siku kama hiyo si ishara kwamba anarudi nyuma. Angalia wiki kwa wiki.

Mengi yatakutisha na ni ya kawaida. Chakula hakina ladha, au kina ladha ya chuma. Usiku anatoka jasho na kuota ndoto za ajabu. Upande wa kushoto wa kifua una ganzi, hasa ilipochukuliwa ile ateri ya ndani, na ganzi hiyo inaweza kukaa miezi. Mguu uliotolewa vena unavimba jioni. Aupandishe juu ya kimo cha makalio anapokaa, asipandanishe miguu. Choo kinafunga kwa dawa za maumivu, na hapaswi kujikamua, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iombwe kabla ya kutoka hospitali. Anasahau maneno, anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki au miezi michache. Kwa maumivu parasetamoli inatosha wengi. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake asitumie, kwani baada ya upasuaji huu huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na huumiza figo.

Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida, kikaushwe kwa kugusa-gusa kwa kitambaa safi, kisipakwe kitu. Si mafuta, si asali, si unga wa dawa yoyote, hata kama aliyeleta ni shangazi anayeheshimika.

Kila asubuhi baada ya kukojoa mpime uzito, na uandike kwenye daftari pamoja na sukari na presha. Daftari hilo litakujibu swali lako la mwisho kuliko hisia zako. Piga simu hospitali akiongezeka kilo 1 au zaidi kwa siku, au kilo 2 na zaidi ndani ya wiki, maana hayo ni maji na si unene. Piga pia akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikitoa usaha, kikizidi wekundu au kufunguka, au mfupa ukisikika unagongana anapokohoa au kugeuka. Hilo la mfupa kusogea msilikalie hata siku moja. Msipige simu bali nendeni moja kwa moja hospitali kwa maumivu ya kifua yanayofanana na yale ya zamani, pumzi kukata ghafla, kuzimia, mapigo kwenda mbio bila kutulia, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kutotamkika.

Kuna kidonda kingine kisichoonekana. Wiki ya pili au ya tatu, ndugu wakiisha kutawanyika, wanaume wakakamavu hulia bila sababu au huwa wakali kwa kila mtu. Hilo hutokea sana, na kwa wengi hupita. Lakini takriban mmoja kati ya watano, pengine zaidi, hupata sonona kamili: hataki kula, hataki kutembea, hana hamu na chochote. Ikipita wiki mbili bila nafuu, mwambie daktari. Sonona huchelewesha moyo kupona, na ina tiba.

Kuendesha gari kwa kawaida ni baada ya wiki 4 hadi 6, kwa ruhusa ya daktari. Kazi ya ofisini wiki 6 hadi 8, kazi ya nguvu miezi 3. Tendo la ndoa, ambalo baba hatakuuliza wewe na kwa hiyo daktari alitaje mwenyewe, huwezekana anapoweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala maumivu, bila kuegemea mikono. Asichanganye kamwe dawa za nguvu za kiume na dawa za moyo za jamii ya nitreti, zile za kuweka chini ya ulimi zikiwemo. Presha huporomoka kiasi cha kuua.

Ombeni nafasi ya mazoezi maalumu ya wagonjwa wa moyo, ambayo huanza wiki ya nne hadi ya sita. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaoyahudhuria hulazwa tena mara chache, na vifo vya moyo hupungua. Nasikitika ninapoona watu wanayaacha kwa kuwa wanajisikia nafuu. Mishipa mipya nayo huziba kama sigara, sukari, presha na mafuta ya damu vitaachwa vilivyo, na ndiyo maana aspirini na dawa ya kupunguza lehemu ni za maisha.

Kwa wasomaji wengine ambao ndugu zao wanabadilishiwa valvu, nyongeza fupi. Valvu ya chuma hudumu sana ila huhitaji warfarini maisha yote, na kipimo cha damu cha kuhakikisha kiwango hakiko chini wala juu. Mboga za majani, ingawa hugusa nguvu ya dawa hiyo, hazikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile kila wiki. Valvu ya tishu ya mnyama kwa kawaida huhitaji dawa hiyo kwa miezi michache tu, lakini huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Wote wawili wamjulishe daktari wa meno kabla ya kung'oa jino, ili wapewe antibaiotiki.

Narudi kwa mama. Mpe matembezi yawe yake. Asubuhi na jioni yeye ndiye aongozane na baba, ashike saa, achague njia, aandike dakika kwenye daftari. Akitembea naye ataona kwa macho yake mguu unavyopata nguvu, na ile hamu ya kumrudisha kitandani itapungua. Wewe shika dawa, mizani na simu ya hospitali, na mtafuteni mtu wa tatu wa kuwapokea usiku angalau mara mbili kwa wiki katika siku kumi na nne za mwanzo, kwa sababu katika kipindi hicho muuguzaji hukosa usingizi kuliko mgonjwa. Siku ya kutoka hospitali usiondoke kabla hujapewa kwa maandishi orodha mpya ya dawa, tarehe ya kuonana na daktari, kiwango cha uzito anachoruhusiwa kunyanyua, na namba ya kupiga usiku.